Saa 72 za Laforet: mpiga picha mnato anapoingia kwenye video

Kuna swali linazunguka sana kwa wapiga picha wa huku kwetu, nalo ni hili: nimepiga picha mnato miaka na miaka, wateja ninao, kamera yangu inarekodi video na inatoka safi tu, sasa mteja wa harusi ananiambia vyote nifanye mimi, je niingie? Na jibu wanalopewa wengi ni "ingia tu, si kamera ni ile ile". Mi naona jibu hilo limewaumiza watu wengi, wapiga picha na maharusi pia, na njia nzuri ya kulipima ni kuchukua kisa kimoja cha kweli kinachojulikana tukifungue kipande kwa kipande. Kisa chenyewe ni cha Vincent Laforet, New York, Septemba 2008.

Tuanze na mtu mwenyewe, maana watu wakisimulia kisa hiki wanaanzia kwenye kamera. Laforet alizaliwa Uswisi mwaka 1975, baba yake naye alikuwa mpiga picha. Alikuwa mpiga picha wa gazeti la The New York Times, na mwaka 2002 alikuwemo kwenye timu ya gazeti hilo iliyopata tuzo ya Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, kwa picha za maisha ya watu wa Afghanistan na Pakistan kwenye vita. Mwaka 2006 akatoka kwenye ajira akawa anajitegemea. Kitu alichojulikana nacho zaidi ni picha za kutoka angani, yaani mtu wa kukaa mlangoni mwa helikopta akiutafuta mji kwa chini, na alikuwa na jicho la mwanga wa usiku. Shika hayo mawili, helikopta na usiku, tutayarudia.

Sasa kamera. Tarehe 17 Septemba 2008 Canon walitangaza 5D Mark II. Ilikuwa na sensa, yaani ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga, ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, megapikseli 21, na ikaongezwa kitu ambacho kamera ya aina hiyo haikuwahi kuwa nacho, kurekodi video ya 1080p, yaani HD kamili. Nikon walikuwa wameshatangulia wiki tatu hivi kabla na D90 yao, tarehe 27 Agosti, ila ile ilikuwa 720p na sensa yake ndogo zaidi. Bei ya 5D Mark II Marekani ilikuwa dola 2,699 bila lenzi, wakati RED One, ambayo ndo ilikuwa inasifiwa kwamba imeshusha bei ya kamera za sinema, ilikuwa dola 17,500 kwa bodi peke yake. Ukiangalia namba hizo unaelewa kwa nini watu walichanganyikiwa.

Lakini ile video haikuwekwa mle kwa ajili ya watu wa filamu. Waliofikiriwa ni wapiga picha wa mashirika ya habari, ambao tovuti zilishaanza kuwadai klipu fupi pamoja na picha. Ndo maana ilivyotoka ilikuwa na mambo ambayo mtu wa filamu angeirudisha dukani siku hiyo hiyo. Kwenye video huchagui shata (muda ambao mwanga unaingia), huchagui tundu la lenzi, huchagui ISO (wepesi wa sensa kuona mwanga), kamera inaamua yenyewe, wewe unabaki na uwezo wa kuongeza au kupunguza mwanga kidogo na kitufe cha kufunga eksposha isiendelee kuhangaika. Fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video, ni 30 kwa sekunde basi, hakuna 24 wala 25. Sauti inajipandisha na kujishusha yenyewe, na hakuna sehemu ya kuchomeka hedifoni usikie unachorekodi. Ukianza kurekodi kioo cha ndani kinakuwa kimeinuka, ukiweka jicho kwenye kidirisha unaona giza, unabaki na ile skrini ya inchi 3 ya nyuma, na fokasi yake ya otomatiki haimfuati mtu anayetembea. Klipu moja inaishia kwenye GB 4, ambayo ni kama dakika 12 hivi.

Laforet akaiona hiyo kamera kwenye ofisi za Canon ikiwa bado sampuli, haijaingia dukani, akaomba apewe wikiendi moja. Makubaliano yakawa anatengeneza kitu chake kwa gharama zake, kampuni haimwambii apige nini. Akapata saa 72. Ndani ya saa hizo akaandaa, akatafuta watu, akapiga, na kilichotoka ni filamu fupi ya dakika chache inaitwa Reverie, ikawekwa mtandaoni mwezi huo huo na ikatazamwa na watu wengi ajabu kwa muda mfupi. Yeye hakuwa mtu wa video. Hiyo ndo sehemu iliyowasha moto, kwamba mpiga picha wa gazeti ameshika kamera ya picha akatoa kitu kinachofanana na sinema, na kila mwenye kamera ya picha akajiona naye yupo kwenye mlango huo huo.

Haya, tuifungue hiyo filamu. Kuna kijana, kuna mwanamke, kuna New York usiku, kuna ndoto na kumkimbilia mtu, kuna mji unaonekana kwa juu taa zote zinawaka. Stori ni nyembamba, niseme wazi, na kama ingeletwa kwenye tamasha la filamu kwa ajili ya stori ingepita bila mtu kuikumbuka. Ila sitaki tuishie hapo kama wanavyoishia wakosoaji, kwa sababu kwenye huo wembamba kuna akili kubwa sana. Angalia kila uamuzi alioufanya uuweke pembeni ya orodha ya kasoro za ile kamera.

Hakuna mazungumzo. Filamu nzima inabebwa na muziki. Kamera ambayo sauti yake huiwezi na huisikii, basi sauti yake haitumiki kabisa, tatizo limekwisha kabla halijaanza.

Ni usiku. Hapa wengi wanadhani alichagua usiku ili kuonyesha kwamba kamera inaona gizani, na ni kweli ilikuwa inaona, lakini kuna sababu nyingine ya kiufundi ambayo mpiga picha mnato anatakiwa kuielewa kuliko kitu kingine chochote kwenye makala hii. Kwenye picha shata ni yako, jua likiwa kali unapanda 1/2000, 1/4000 ya sekunde, unabaki na f/2.8 yako (namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa) nyuma kukiwa laini. Kwenye video shata inakuwa karibu na mara mbili ya fremu zako, ukirekodi 25 unakaa 1/50, ukipandisha sana mwendo unakuwa wa kukatikakatika, mikono ya watu inarukaruka. Sasa nenda ufukweni Kigamboni saa saba mchana, ISO 100, shata 1/50, eksposha sahihi inakupeleka f/22. Ili upate f/2.8 inabidi ukate mwanga stopu 6, yaani uupunguze nusu mara sita, kwa filta ya kiza ya mbele ya lenzi, na mpiga picha ambaye hajawahi kufanya video mara nyingi hana hiyo filta kwenye begi. Na kwenye 5D Mark II ya mwanzo hata kuichagua hiyo 1/50 ulikuwa huwezi, mwanga ukiwa mwingi kamera yenyewe inakupandishia shata. Usiku wa New York kamera inataka mwanga, inafungua lenzi, inashusha shata, yaani ile otomatiki iliyokuwa adui mchana, usiku inajikuta inafanya kile kile ambacho mtu wa filamu angekifanya kwa mkono.

Halafu helikopta. Kwa mwingine kukodi helikopta kwenye jaribio la kwanza la video ni wazimu, kwa Laforet ni kazi yake ya kila siku, anajua kuongea na rubani, anajua mji unakaaje kwa juu usiku, anajua amuelekeze upande gani ili daraja liingie kwenye fremu. Kwenye saa 72 hakujifunza kitu kipya kuhusu angani, alichukua alichonacho akabonyeza rekodi. Na ukiangalia shoti za juu, mwendo unaletwa na helikopta, kamera imetulia. Lenzi nazo ni zile zile zake za picha, na ladha ya lenzi, ya kujua mgongo wa mwanamke na taa za mbali zitakaaje ukifungua tundu lote, ile anayo tangu ujana.

Kwa hiyo usomaji wangu wa kisa hiki ni kwamba Laforet alifaulu kwa sababu alichagua kazi ya kwanza ambayo ndani yake mambo asiyoyajua hayakuhitajika, na anayoyajua yalijaza skrini nzima. Alijua mwanga, fremu, lenzi, mji, angani. Hakujua sauti, mazungumzo, kufuatilia mtu kwa fokasi muda mrefu, kujenga tukio zima kwa shoti nyingi. Filamu imekatwa kwa kipimo hicho hicho. Sijui kama alikaa chini akaandika hivyo kwenye karatasi, ila matokeo ndo yanasema hivyo.

Na hapa ndo tunapokosea. Mpiga picha wa Dar au Mombasa au Nairobi akisikia kisa hiki anasema kamera inaweza, halafu kazi yake ya kwanza ya video inakuwa harusi. Harusi! Ambayo ina kila kitu ambacho Laforet alikikwepa. Sauti ndo roho yake, mchana kuna jua kali na ndani ya ukumbi kuna taa za rangi za DJ, watu wanatembea kuja kwako, na hakuna kurudia.

Nianze na sauti maana ndo inayoua wengi. Kwenye nikahi, ile sehemu ya wali kuozesha na bwana harusi kujibu amekubali ni sekunde chache tu, inasemwa kwa sauti ya chini, watu wamejaa, feni inazunguka juu ya kichwa. Mpiga picha mnato anatoka na picha nzuri ya mikono imeshikana, na ile picha inajitosheleza, hakuna atakayeuliza shehe alisema nini. Kwenye video ukileta mikono imeshikana na sauti ya feni, ile familia umeinyima kitu ambacho hawawezi kukipata tena maishani. Kanisani vilevile, viapo. Kamera ikiwa mita sita nyuma, maiki ya juu ya kamera inaokota kila kikohozi. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kurekodi sauti peke yake, maiki ya kubana kwenye koti la bwana harusi au kanzu, na kama ukumbi una vyombo umwombe mtu wa mixa akupe laini yake, halafu kwenye kuediti unalinganisha sauti na picha, ndo maana watu wanapiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni. Vifaa hivyo kwa jumla havifikii bei ya lenzi nzuri moja, lakini hakuna anayeviwaza kwa sababu havionekani kwenye picha. Na uvae hedifoni, asikudanganye mtu, ile mita ya sauti inayopandapanda kwenye skrini haikwambii kwamba waya unakwaruza kwenye nguo.

Fokasi ndo ya pili. Nimepiga hesabu ya lenzi ambayo wapiga picha wengi wa harusi wanaiota, 85mm f/1.2, mtu yupo mita 2: sehemu iliyo kali ni kama sentimita 4 tu mbele mpaka nyuma. Kwenye picha unapiga tano, moja macho yamekaa, unachagua hiyo. Kwenye video bibi harusi anakuja anatembea na kila hatua anatoka nje ya zile sentimita 4, na mtazamaji anaona kila sekunde ya kutafuta. Kamera za siku hizi zinafuata uso na macho vizuri mno kuliko ile ya 2008, hilo nakubali na limerahisisha maisha, ila na zenyewe shela ikipita mbele ya uso au mpambe akikatiza zinaruka. Funga tundu kidogo, f/4 inakupa mara tatu ya hiyo nafasi, na kwa mtu anayeanza hiyo ni heshima wala sio aibu.

Ya tatu nataka nikae nayo kidogo kwa sababu ndo inayomgusa mpiga picha mnato kwenye fahamu zake kabisa, wala sio kwenye vifaa. Sisi tumefundishwa kusubiri ile nukta moja. Unazunguka, unainama, unasubiri, paap, umeipata, unashusha kamera unaangalia nyuma. Kwenye video ile nukta peke yake haina kazi. Pete inavalishwa, sawa, mhariri anauliza, alikuwa wapi kabla ya hapo? Mama yake alikuwa na uso gani? Ukumbi ni mkubwa kiasi gani? Mkono ulitoka wapi mpaka ukafika kwenye kidole? Na baada ya pete kuingia alicheka au alilia? Kila swali ni shoti. Unahitaji ya mbali inayoonyesha mahali, ya kati, ya karibu ya mkono, ya mtu anayetazama, na kila moja uiache itembee sekunde kumi hata kama unaona umeshapata, kwa sababu mwenye kuediti anahitaji mwanzo na mwisho wa kukatia. Ukichukua klipu za siku ya kwanza za mpiga picha mnato unazijua hapo hapo, ni nzuri kila moja, zina sekunde mbili mbili, hazishikani. Reverie ilipona kwenye hili kwa sababu ni ndoto, na ndoto inaruhusu kuruka kutoka uso kwenda mji kwenda maji bila mtu kuuliza. Sherehe ya ndoa hairuhusu hivyo.

Halafu kuna hii ya kufanya vyote viwili peke yako, na hapa msimamo wangu ni mkali, usikubali. Keki ikikatwa wewe una mwili mmoja. Ukipiga picha kwa flashi unaharibu video yako mwenyewe, ukirekodi video shata yako ni 1/50 kwa hiyo picha utakayoitoa mle ndani ina ukungu wa mwendo. Kumbuka Laforet kwenye zile saa 72 hakuwa na mteja wa picha anayemsubiri, alikuwa na kazi moja, tena alikuwa na waigizaji, rubani na wasaidizi. Mteja akitaka vyote mwambie watakuja watu wawili na bei ni ya watu wawili.

Kuhusu bei yenyewe. Mpiga picha anayeanza video kwa kawaida anaongeza kidogo juu ya bei ya picha, na hapo ameshaingia hasara kabla hajatoka nyumbani. Tumia kamera hiyo hiyo ya kisa kama mfano, GB 4 kwa dakika 12 maana yake saa moja ya kurekodi ni GB 20, rekodi masaa matatu umefika 60, na unatakiwa uihifadhi sehemu mbili. Picha mbichi za kamera hiyo hiyo zinaingia kama 150 kwenye GB 4. Kamera za 4K za leo ndo usiseme. Kuediti nako, picha 300 unazimaliza kwa kasi yako, lakini video ya dakika 20 inabidi uitazame yote, tena na tena, huwezi kuikimbiza, na mteja akisema badilisha wimbo umeanza karibu upya kwa sababu ulikata kufuata mdundo. Na wimbo wa msanii una mwenyewe, ruhusa yake ina gharama. Kwa hiyo kwenye karatasi ya bei weka mistari tofauti: siku ya kurekodi, sauti, siku za kuediti, marekebisho mangapi yamo ndani, na linalozidi linalipiwa. Mteja anaelewa ukimwonyesha, asichoelewa ni kudaiwa hela wiki mbili baadaye.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho kisa cha New York hakikuonyeshi kwa sababu ya mahali penyewe. Umeme wa Marekani ni Hz 60, yaani unapiga mawimbi 60 kwa sekunde, kwa hiyo kamera ya fremu 30 na shata kama 1/60 inaelewana na taa za kule. Huku kwetu umeme ni Hz 50, taa nyingi za ukumbini, zile mirija hasa na LED za bei rahisi, zinapwita mara 100 kwa sekunde, na ukirekodi fremu 30 kwa 1/60 unapata mistari ya giza inatambaa kwenye ukuta au picha inapepesa, na kuitoa baadaye kwenye programu ni kazi ngumu. Weka kamera kwenye mfumo wa PAL, fremu 25, shata 1/50 au 1/100, inatulia, na ndo mfumo ambao runinga zetu zinatumia pia. Zile 5D Mark II za mwanzo zilikuwa hazina 25 kabisa, kwa hiyo aliyeinunua huku mwanzoni akaenda nayo ukumbini alikuwa anapigana na kitu ambacho Laforet hakukutana nacho hata kidogo. Kama umejifunza video kwa Wamarekani wa YouTube hakikisha hujabeba na mpangilio wao wa Hz.

Sasa baada ya Reverie nini kilifuata, maana kisa hakikuishia pale. Canon walisikia kelele. Tarehe 2 Juni 2009 wakatoa programu mpya ya ndani ya kamera inayokupa shata, tundu na ISO kwa mkono kwenye video. Machi 2010 ikaja nyingine yenye fremu 24 na 25, na ya kupanga kiwango cha sauti mwenyewe. Mwezi Mei 2010 kipindi cha mwisho cha msimu wa sita wa tamthilia ya House kikaonyeshwa kwenye runinga za Marekani kikiwa kimepigwa na 5D Mark II, na hapo hakuna aliyebisha tena kama kamera ya picha inaingia kwenye kazi ya kulipwa. Lakini tazama nani aliishika kule: timu kamili ya tamthilia, yenye watu wa fokasi, watu wa sauti, watu wa taa.

Laforet mwenyewe aliendelea, na kilichonifanya nimheshimu ni kwamba hakubaki kuirudia Reverie. Mwaka 2009 akapiga filamu fupi ya Nocturne kwa sampuli ya 1D Mark IV, kamera nyingine ya Canon, usiku tena, Los Angeles, kwa taa za mtaani, na Canon wakamwomba aiondoe mtandaoni kwa muda kwa kuwa kamera ilikuwa bado sampuli. Mwaka 2011 akapiga Mobius kwa C300 ya Canon, ambayo ilikuwa kamera ya filamu kweli kweli, na humo kuna jua la jangwani, kuna watu wanaongea, kuna stori inayozunguka na kurudi ilipoanzia. Yaani yale yote aliyoyakwepa 2008 akayaingia kimoja kimoja, kila mara na watu wengi zaidi nyuma yake, na akahama kabisa kwenda kuongoza matangazo na filamu fupi. Halafu mwaka 2014 akazunguka miji mingi ya Amerika Kaskazini na warsha yake, na mada haikuwa ununue kamera ipi. Ilikuwa ni kwa nini kamera isogee, isogee wakati gani, na mwigizaji asimame wapi ili ule mwendo uwe na maana.

Hilo unaweza kulianza bila helikopta na bila harusi ya mtu. Mchukue fundi cherehani wa mtaani kwako jioni, mwanga wa dirishani, umwombe ruhusa, utengeneze dakika mbili zake bila neno hata moja, na kamera ikae kwenye stendi mpaka upate sababu ya kuitoa. Akisimama kufuata kitambaa, simama naye. Akiinama kwenye sindano, sogea. Akikaa kimya anapima kwa macho, usiguse kitu, hesabu mpaka kumi, ndo ukate.